Shikamoo ya Lango

Hapo zamani za kale, yaani kama juzi hivi, palikuwa na nchi moja iitwayo Adabuni. Msiniulize iko wapi. Iko mbali sana, na watu wake hawafanani na nyinyi hata kidogo, kwa hiyo msikilizaji atakayejikuta anacheka halafu ghafla anatazama nyuma yake, hiyo shauri yake. Mimi nasimulia tu.

Adabuni ilikuwa na barabara kuu moja, mpya, nyeusi tii, iliyonyooka kuliko kitu kingine chochote katika serikali ile. Ilianzia mjini ikaishia shambani kwa Waziri wa Tozo, Mheshimiwa Daktari Bwerere, aliyekuwa akilima pilipili. Kila mtu alijua inaishia kwenye pilipili, na kwa kuwa kila mtu alijua, ilikuwa kosa la jinai kuuliza. Njiani ilipita sokoni, ikapita gerezani, ikapita makaburini, ili wananchi nao wapate sababu ya kuitumia. Na katikati yake paliwekwa lango la tozo.

Mwanzo Serikali iligawa kidude cha kubandika kwenye kioo cha mbele cha gari. Kidude kililiambia lango gari ni la nani, linatoka wapi na linakwenda wapi, kisha tozo ikakatwa yenyewe. Jambo zuri sana. Lakini watu wa Adabuni hawana shukrani. Wengine walikivisha soksi, wengine walikifunga shingoni mwa mbuzi, na kuna kipindi tozo zote za barabara ile zililipwa na mbuzi, tena mbuzi walilipa kwa wakati kuliko wabunge.

Ndipo ikatungwa Sheria ya Mwenendo wa Magari. Wataalamu walioitunga walikusudia jinsi gari linavyokwenda. Polisi, ambao Kiswahili wanakijua kuliko wataalamu, wakausoma mwenendo kama wanavyousoma siku zote. Pikapu moja iliyorudi nyuma mara mbili mbele ya nyumba ya wageni ikashitakiwa kwa uasherati, na ikapatikana na hatia. Lori lililoinama upande mmoja kwa kukatika springi likaulizwa ni la chama gani. Watu wakaanza kunung'unika kuhusu faragha zao. Serikali, sikivu kama kawaida yake, ikaunda Kamati ya Kulinda Faragha, ikakaa hotelini, ikala, ikalala, ikatoka na ripoti ya sentensi moja: "Faragha ya wananchi iko salama, tunayo yote sisi, na hakuna hata moja iliyopotea." Wanakamati wakajipigia makofi.

Tabu ilibaki moja tu. Kidude kilijua gari, hakikumjua mtu. Na watu wenyewe ukiwauliza walikuwa hawashikiki. Ukimuuliza Mwadabuni unakwenda wapi, anakwambia, "Hapo tu." Unatoka wapi? "Huko nyuma." Pamoja na nani? "Na Mungu." Utamfunga mtu kwa hayo?

Basi Mheshimiwa Bwerere akasimama bungeni, akapangusa jasho, akasema maneno ambayo mpaka leo wanafunzi wa kule wanayakariri.

"Waheshimiwa! Mtu wetu ukimhoji anakuwa jiwe. Ukimsalimu anakuwa kisima. Mimi mwenyewe nilificha mke wa pili miaka mingi. Vyombo vya usalama havikujua, na wakati huo mkuu wao nilikuwa mimi! Asubuhi moja mama mkwe wangu akaja, akaniuliza, habari za huku? Nikajibu, njema, Mama. Akaniuliza, na za kule? Nikajibu, njema, Mama, mtoto ameanza kutambaa. Waheshimiwa, nilimalizwa na salamu!"

Bunge zima likainamisha vichwa, maana karibu kila mmoja alikuwa na kule kwake.

Hivyo ndivyo lango lilivyofundishwa kusalimu. Lilipewa sauti ya kijana aliyelelewa vizuri, na mwenye kidude aliamkiwa shikamoo, hata akiwa na meno ya utoto. Kisha lango lilimuuliza habari, moja baada ya nyingine, na kizuizi hakikuinuka mpaka ajibu. Aliyejibu vizuri alipunguziwa tozo. Aliyejibu kwa kirefu, kwa majina, akasamehewa tozo yote na kupandishwa daraja: Msalimiwa wa Kawaida, Msalimiwa Mwema, na juu kabisa Msalimiwa Mtukufu. Hakuna aliyelazimishwa. Serikali ile haikulazimisha mtu, iliwapa motisha tu.

Wale waliokataa kidude waliwekewa upande wao, Njia ya Watovu wa Adabu. Hapo dereva alishuka, akavua viatu, akakiamkia kizuizi shikamoo, naye askari akaitikia marahaba kwa niaba ya chuma. Ajuza mmoja, Bi Mwanakheri, aliyekuwa amepakiwa kwenye gari la mkwewe, aligoma. "Chuma hiki nimekiona kinashushwa kwenye lori," alisema. "Nikiamkie mimi? Kiniamkie chenyewe." Wakamsimamisha juani ajifunze adabu. Alijifunza kabla ya magharibi, na kesho yake akazikwa. Ofisi ya Tozo ilituma rambirambi ikieleza kwamba marehemu alikuwa mbishi.

Watu wenyewe walikibatiza kidude jina la "mkwe", kwa sababu mbele yake mtu ulijikunja, ukapima maneno, na huwezi kumwambia toka hapa.

*

Sasa katika nchi hiyo aliishi muuza mayai mmoja, jina lake Ngwali. Mungu alimpa Ngwali umri akasahau kumbadilishia sura. Alikuwa na wajukuu wawili na mgongo unaouma, lakini ukimtazama usoni ungemtuma sigara. Sokoni walimwita "kijana wa mayai". Watoto wa shule walimpa "mambo". Kwenye misiba wazee walimwinua kitini wakamwambia, "Dogo, tupishe." Na hilo, jamani, lilimla moyo. Mtu anaweza kuvumilia njaa, anaweza kuvumilia serikali, lakini kufika umri ule hujaitikia marahaba hata mara moja barabarani ni adhabu kubwa.

Kusema kweli palikuwa na mtu mmoja aliyekuwa akimwamkia kwa heshima kila siku. Huyo alikuwa shemeji yake, Silima, mdogo wa mkewe. Lakini Ngwali ya Silima hakuihesabu. Cha nyumbani kina thamani gani?

Silima alikuwa mwalimu wa jiografia. Mwanafunzi mmoja alimuuliza darasani barabara kuu inaishia wapi, naye, badala ya kumchapa kama mwalimu mzalendo, akaichora ubaoni mpaka mwisho wake, na mwishoni akachora pilipili. Siku hiyo hiyo walimjia. Akaruka dirisha la maktaba, akakimbilia kwa dada yake. Tangu hapo alikuwa akiishi kwenye stoo ya mayai ya Ngwali, nyuma ya trei zilizopangwa mpaka darini, na nchi nzima ikawa inamtafuta.

Dada yake, Biubwa, ndiye aliyemlea. Mama yao alikufa Silima akiwa bado ananyonya, na Biubwa akambeba mgongoni katika umri ambao wenzake walibeba wanasesere. Hakuwa na ndugu mwingine. Alimwambia Ngwali waziwazi: "Huyu akichukuliwa ndani ya nyumba hii, mimi na wewe hatuna maneno tena."

Kwa sababu hiyo Ngwali alikikataa kidude. Kila siku alipita kwa watovu, akavua viatu juu ya lami ya moto, akakiamkia chuma. Foleni ilikuwa ndefu hata siku moja aliondoka na mayai akafika sokoni na vifaranga. Alivumilia. Kilichomshinda ni kijana mmoja wa bodaboda aliyenunua gari juzijuzi, mwenye ubani mdomoni na ndevu hata hazijafikiria kuota. Alisimama upande wa pili, na lango likamwambia kwa sauti nyororo, "Shikamoo, mzee wangu." Kijana akatafuna, akatema, akasema, "Raba." Hata marahaba hakuimaliza!

Ngwali akageuza gari kwenda Ofisi ya Tozo. Jioni akarudi nyumbani na mkwe kwenye kioo.

"Ngwali," Biubwa akasema, mikono kiunoni, "nyumba yenye mgeni unaiingizia mkwe?"

"Kiko garini, hakiko ndani."

"Na mdomo wako je, unauacha garini? Wewe mtu akipiga hodi unamwambia mpaka tulichokula!"

"Nitakuwa makini, wallahi. Mayai yanaoza kule kwa watovu, Biubwa. Tutakula nini?"

"Mayai," akasema Biubwa. "Haya. Useme ni mayai."

Silima ndiye aliyewapatanisha. Alitoka nyuma ya trei, manyoya ya kuku kichwani, akasema kama kidude kimeshabandikwa, afadhali shemeji afundishwe. Akajifanya lango. Akajibana pua, akalegeza sauti. "Shikamoo, mzee wangu. Habari za nyumbani?" Njema. "Watoto?" Hawajambo. "Wageni?" Ngwali akafungua mdomo. Biubwa akamkazia jicho. "Hatuna," akasema Ngwali. "Ukibanwa, shemeji," Silima akamwambia akicheka, "sema una kuku tu." Wakarudia mpaka Ngwali akajibu bila kusita, na wote watatu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu Silima aje. Biubwa akawakaangia mayai yaliyopasuka.

*

Asubuhi yake lango likamsemesha.

"Shikamoo, mzee wangu."

Ngwali akageuka nyuma kumtazama huyo mzee. "Nani, mimi?"

"Wewe, mzee wangu Ngwali."

"Marahaba!" Aliitoa kwa nguvu hata trei zikatikisika. "Marahaba, mwanangu, marahaba!"

"Habari za nyumbani?"

"Njema kabisa."

"Bibi hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu."

Biubwa hakutuma salamu yoyote, jamani, tunajua. Lakini ndivyo ilivyo kule Adabuni: kila uliyemwacha nyumbani anamsalimu kila unayekutana naye njiani, bila yeye mwenyewe kuulizwa. Ukimwacha mtu bila kusalimu utaonekana mmegombana.

"Na mayai?"

"Hayajambo, yanakusalimu."

"Wageni?"

"Wageni hatuna."

"Mungu atawaletea."

"Amin," akasema Ngwali, kisha akajuta, kisha kizuizi kikainuka.

"Safari njema, mzee wangu, wewe peke yako." Chini ya lami palikuwa na mizani iliyojua gari limebeba wangapi.

Ngwali alifika mbele kidogo, akageuza gari, akarudi kuamkiwa tena. Mayai yalimsubiri.

Siku zikaenda. Ngwali akanyooka mgongo. Akaanza kuvaa koti. Sokoni walipomwita kijana alitabasamu tu kama mtu mwenye siri. Kila asubuhi lango lilimuuliza wageni, kila asubuhi akajibu hatuna, na kila jioni Biubwa akamuuliza, "Umesema nini leo?" naye akajibu, "Kuku tu," na Silima nyuma ya trei akasema, "Hongera, shemeji." Ubaya wa lango ni kwamba halikuwa na haraka. Mtu unayemuuliza kila siku atachoka siku moja, na chuma hakichoki.

Siku yenyewe ikafika. Ngwali alipoegesha mbele ya kizuizi, alisikia tarumbeta. Lango likasema, "Mzee wangu Ngwali! Kwa majibu yako marefu na mazuri, kuanzia leo wewe ni Msalimiwa Mtukufu!" Bendi ikapigwa kwenye kipaza sauti. Kizuizi kikainama mara mbili. Askari wakawashusha madereva wa njia zote, wakawapanga mstari, na yule kijana wa ubani akiwemo, akatemeshwa ubani kabisa, wakaamriwa wamwamkie.

"SHIKAMOO, MZEE!"

Ngwali akalia. Machozi yalimshuka, makamasi yakamshuka, koti likalowa. "Marahaba, wanangu. Marahaba, marahaba."

"Bibi hajambo?" likauliza lango katikati ya bendi.

"Hajambo, anakusalimu!"

"Kuku?"

"Hawajambo, wanakusalimu!"

"Shemeji?"

"Hajambo, anakusalimu sana!"

Bendi ikanyamaza.

"Salamu zake tumezipokea," likasema lango, na kizuizi kikainuka.

*

Ngwali aliendesha akiimba. Aliimba mpaka kwenye kipilefti cha sokoni, na hapo ndipo akayasikia maneno yake mwenyewe. Akazunguka kipilefti mara kadhaa akisema peke yake, "Sikusema. Nimesema? Sikusema." Halafu akakata kona kurudi, trei zikamwagika nyuma, hakujali.

"Shikamoo tena, Mtukufu."

"Marahaba, fungua!"

"Habari za tangu tulipoachana?"

"Njema! Fungua, mwanangu, nina haraka!"

"Mtukufu haamkiwi kwa haraka, ni kinyume cha itifaki. Habari za huko utokako?"

"Nilikosea! Ulimi umeteleza! Sina shemeji, sijapata kuwa na shemeji, mke wangu alizaliwa peke yake!"

"Pole kwa ulimi. Habari za mvua?"

"Njema!"

"Habari za mazao?"

Pembeni yake, kwenye njia ambayo Ngwali hakupata kuiona ikitumika, gari jeusi likapita bila kusimama. Halikuwa na mkwe kwenye kioo. Waliokuwa ndani walishusha kioo wakampungia mkono, maana nao walilelewa vizuri.

"Habari za mgongo wako, Mtukufu?"

"Unauma," akasema Ngwali, huku akilia, kwa sababu salamu lazima ijibiwe. "Unauma kidogo. Lakini sijambo. Sijambo, mwanangu. Fungua."

Lilimuuliza mjukuu wa kwanza, likamuuliza wa pili, likamuuliza jirani wa kulia na wa kushoto. Alijibu yote. Lilipomfungulia, gari jeusi lilikuwa limeshageuka na kupita tena upande wa pili, likielekea gerezani.

Nyumbani mlango ulikuwa chini. Stoo yote ilikuwa ute, viini vya mayai vilitiririka mpaka barazani, na majirani walikuwa wamesimama mbali wakijifanya wanatazama kitu kingine. Biubwa alikaa kwenye kreti iliyopinduliwa. Kanga ilikuwa imemwanguka begani na hakuiokota.

"Umesema nini?"

"Sikusema kitu, mke wangu. Wamenisalimu tu."

"Ukajibu."

"Ningeachaje kujibu, Biubwa? Mtu kakuamkia, shikamoo, mbele za watu..."

Biubwa alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi. Kisha akainuka, akachukua fagio, akaanza kufagia mayai. Kuanzia hapo hakumwambia neno. Si la kheri, si la shari. Alipika, akaweka sahani, akaondoka.

*

Serikali ile haikuwa na tabia ya kusahau fadhila. Mheshimiwa Bwerere mwenyewe alikuja kumvisha Ngwali nishani, uwanjani, mbele ya mtaa mzima ulioletwa kwa malori ili ushangilie.

"Wapo watu," alisema Waziri, "wanaouza ndugu zao kwa fedha. Hao ni watu wa hovyo, tunawalaani! Mtazameni huyu. Huyu hakuomba hata senti. Kamtoa shemeji yake bure, kwa adabu tu!"

Makofi. Ngwali alitaka kusema siyo hivyo. Lakini Waziri alimgeukia, akampa mkono, akamuuliza, "Hujambo, mzee?" na Ngwali akajikuta amejibu, "Sijambo, Mheshimiwa."

Kesi ya Silima ilisikilizwa haraka, maana haki ikicheleweshwa hupoteza ladha. Aliletwa mahakamani akiwa ameshikiliwa kwapani na askari wawili. Hakimu, kwa mujibu wa taratibu, akaanza na salamu: "Mshitakiwa, hujambo?"

Silima akainua uso uliokuwa umevimba. "Mheshimiwa," akasema, "nitazame. Mimi ni mtu wa kuitwa hajambo?"

Mahakama nzima ikashika midomo. Mambo ya ramani na pilipili yakasahauliwa papo hapo, yakawa madogo. Hakimu aliandika kwamba mshitakiwa, akiwa na akili zake timamu, amekataa kuwa hajambo, na kwamba nchi yenye watu wa namna hiyo haiwezi kusonga mbele. Akamhukumu akae gerezani mpaka ajibu vizuri.

Mtaani, Ngwali alipotoka kusema "Hamjambo," watu waliangalia miguu yao. Waliogopa kujibu, maana nani ajuaye salamu inafika wapi? Alimsalimu muuza maji, akanyamaziwa. Alisalimu msikitini, wakaitikia kwa ndani kabisa ili wasipate dhambi, midomo imefumbwa. Mayai yake hayakununuliwa. Akaliegesha gari, akakaa barazani na nishani yake, mtu mzima hatimaye, asiye na wa kumwamkia.

Silima hakujibu vizuri. Siku moja askari magereza alikuja na pikipiki, akaizima kwa heshima, akavua kofia.

"Hodi hapa. Hamjambo? Habari za hapa? Watoto? Wajukuu? Kuku wanataga? Alhamdulillahi. Mwalimu amekufa. Mje mumchukue."

Sababu ya kifo, alipoulizwa, ilikuwa ile ile ya kawaida ya gereza lile, ubishi.

Katika mtaa mzima hakupatikana mtu wa kwenda nao. Mmoja aliumwa ghafla, mwingine alikuwa na mgeni. Ngwali alitandika mkeka nyuma ya pikapu yake, pale palipokuwa pakikaa trei. Biubwa akapanda kiti cha mbele bila kumtazama. Wakati wa kurudi alikataa kukaa mbele. Alipanda nyuma, akaketi kwenye bati la moto, akampakata mdogo wake kichwa kwa namna aliyompakata zamani, akashikilia shuka lisipeperuke. Kutoka kwenye kiti chake Ngwali aliona mgongo wa mkewe kupitia dirisha la nyuma, ambalo kioo chake kilivunjika zamani.

Wakafika langoni, ambako walipokwenda walipitishwa bila kusalimiwa, nyuma ya pikipiki ya askari. Jua lilikuwa utosini.

"Shikamoo, Mtukufu. Umeadimika."

"Marahaba," akasema Ngwali, kwa sauti ya chini sana.

"Bibi hajambo?"

"Hajambo."

Lango likangoja.

"Anakusalimu," akaongeza Ngwali.

"Shemeji hajambo?"

Ngwali akaangalia usukani. Nzi walikuwa wameanza kuingia kwa dirisha la nyuma. "Shemeji," akasema, "shemeji amekufa."

"Jibu halijaeleweka, mzee wangu. Shemeji hajambo?"

"Amekufa. Mmemuua. Huyu hapa nyuma amelala, mwangalieni, si mnaona kila kitu?"

"Jibu halijaeleweka. Shemeji hajambo?"

Magari yalikuwa yamejipanga nyuma yao. Mmoja akapiga honi, wengine wakamfuatia. "We mzee, jibu salamu!" mtu akapaza sauti. "Mtovu wa adabu! Watu tuna kazi!" Ngwali alifungua mdomo. Ulimi ule, ambao maisha yake yote haukumngoja, ambao ulijibu hodi, ulijibu hujambo, ulijibu kila aliyepita, sasa ulikuwa umelala mdomoni hautikisiki. Alijua maneno yanayotakiwa. Yalikuwa mawili tu. Alijaribu, koo likatoa mlio wa kuku. Akaweka paji la uso kwenye usukani, na honi ya gari lake ikalia pamoja na za wengine.

"Shemeji hajambo?" likauliza lango, bila kukasirika.

Nyuma yake Ngwali akasikia bati likilia. Biubwa alikuwa amegeuka, akaukaribia uwazi wa dirisha, mkono mmoja bado umeshika shuka. Sauti yake Ngwali hakuwa ameisikia tangu siku ya mayai, na mwanzo hakuitambua.

"Hajambo," akasema Biubwa. "Anakusalimu."

Honi zikanyamaza. Kizuizi kikainama mara mbili, kama ilivyo haki ya Mtukufu, kisha kikainuka juu kabisa.

"Salamu zake tumezipokea," likasema lango. "Safari njema, nyote watatu."